Mkono wa Pili Kwenye Masafa

Mbeya, 28 Januari 2024

Dada Lukresia,

Nakuandikia kwa karatasi kama ulivyotaka, maana ni kweli, mambo ya baba hayasemeki kwa simu. Tangu macho yake yazimike masikio yamekuwa ya ajabu. Unanong'ona jikoni, yeye anajibu akiwa sebuleni. Bahasha hii nimempa kondakta wa basi, ataiacha kwa wakala wao hapo stendi.

Ndani nimefunga na mausi isiyo na waya. Hiyo ni yako, si ya baba. Baba ana ile nobu ya mviringo niliyomfungia kwenye kompyuta Krismasi, anaizungusha kama alivyokuwa akizungusha redio za watu pale dukani kwake, na namba ya masafa kwenye kioo cha kompyuta inapanda na kushuka. Ila hiyo kompyuta usiifikirie kama redio ya zamani. Kile kijiti kilichochomekwa ubavuni kinaokota kila kitu kilichoko hewani, na programu ndiyo inayoamua msikie kipi. Baba akijichanganya akaangukia penye mvumo mtupu, wewe mwokoe. Peleka mshale wa mausi juu ya ile namba kubwa, usimamishe kwenye tarakimu unayotaka, kisha viringisha gurudumu kwa kidole. Mbele inapanda, nyuma inashuka. Unaweza kufanya hivyo umeketi zako mlangoni unachambua mboga. Hatajua, na heshima yake itabaki.

Heshima yake ndiyo inayoninyima raha. Unakumbuka alivyoapa mbele ya jumuiya mlipokusanyika kwetu baada ya Krismasi: siku atakayoshindwa kutafuta stesheni kwa mkono wake mwenyewe mbele yao, basi apelekwe kwenye nyumba ya wazee ya masista, njia ya Peramiho. Kwa fundi redio kama yeye hicho ndicho kipimo cha akili. Mimi ningependa afie nyumbani kwake Mfaranyaki, na najua nawe unapenda hivyo.

Mdogo wako,
Rosemary


Mfaranyaki, 6 Februari 2024

Rosemary,

Mausi imefika. Nimeijaribu baba akiwa amelala mchana, inafanya kazi kama ulivyoandika.

Huku tunaishi na jina lako. Baba akiipata taarifa ya habari anasema, "Mwanangu Rose ana kichwa." Akiwapata Wamalawi wanaimba, ni Rose. Waya wa antena ulipodondoka kutoka kwenye mparachichi, mimi ndiye niliyepanda kuurudisha, mvua inanipiga, na niliposhuka akasema Rose ameunganisha vizuri. Juzi nilikuwa namkata kucha za miguu, akasema laiti angejaliwa wawili kama wewe. Nikamkumbusha kwamba nilikuwa kidato cha pili aliponiondoa shule nije nimuuguze mama. Akasema, "Wewe una mikono ya jembe, Lukresia. Shule ingekusaidia nini?" Akacheka. Nikaendelea kukata kucha.

Sasa kuna jambo. Aloyce, yule seremala wa Peramiho aliyefiwa na mkewe, amemtuma mshenga. Baba amemjibu mshenga kwamba hana binti wa kuoza, ana binti wa kumtunza. Mshenga aliaga bila hata kumaliza chai. Nina miaka arobaini na tano. Aloyce atangoja Kwaresima ipite, baada ya hapo hatangoja, ameniambia hivyo bila kuzunguka, na simlaumu. Naomba baba aje kwako baada ya Pasaka.

Halafu nieleze hilo neno "hatua" kwenye programu. Mbele yake pameandikwa tano, na nikibonyeza yanatokea mengine. Ni la nini?

Lukresia


Mbeya, 11 Februari 2024

Dada yangu,

Nimefurahi sana kuona unaulizia mambo ya programu. Kumbe ukitaka unaweza.

Hatua ni umbali ambao namba inaruka kila nobu inapogota mara moja. Baba ameishika kwa vidole. Anajua kutoka kwa Wamsumbiji mpaka kwenye taarifa ya habari ni migoto mingapi, anahesabu kimoyomoyo kama anasali rozari. Hatua ikiwa tano, anafika. Ukiifanya tisa, atagotesha idadi ileile na kuangukia porini, wala hataelewa kwa nini. Kwa hiyo usiiguse. Pembeni ya namba utaona alama ya kufuli. Hiyo ikibonyezwa, namba haisogei kwa nobu wala kwa mausi mpaka ifunguliwe. Mimi naweza pia kuingia kwenye kompyuta hiyo nikiwa huku, kupitia ile modemu ya intaneti, nikaona kioo kama mnavyokiona ninyi. Nimemwambia baba kwa simu, amefurahi mno, anasema sasa ni kama niko naye chumbani.

Kuhusu baba kuja kwangu, dada, fikiria. Nyumba tuliyopewa na chuo iko ghorofa ya tatu. Remmy ni mume mwema lakini hawezi kelele za redio kutwa nzima. Na baba mwenyewe Mbeya atasikia nini, milima imetuzunguka. Aloyce kama anakupenda atangoja. Kwa umri wako hakuna cha kukimbilia.

Nakuombea,
Rosemary


Mfaranyaki, 9 Machi 2024

Rosemary,

Baba ameanza kupotea.

Jumatatu alitafuta taarifa ya habari akaangukia mvumo. Akarudi mwanzo, akahesabu tena kwa sauti safari hii, akaangukia mvumo uleule. Akaondoa mkono kwenye nobu, akavishika vidole vyake kimoja baada ya kingine kama anayewasalimia watoto wa jirani. Akaniuliza, "Leo ni siku gani, Lukresia?" Nikamwambia. Akaniuliza tena baada ya kula, nadhani alitaka kuona kama atapata jibu lilelile.

Jumatano aliipata stesheni, akatabasamu, akaegemea kiti. Haukupita muda ikamtoroka. Akasema mitambo ya huko imezimika. Nikamwambia mimi naisikia kwa Pankrasi jirani, iko wazi kabisa. Chakula alikigusa tu.

Nimemwambia ni umri, asihangaike. Namsaidia kwa mausi, kama ulivyoagiza.

Zamu yetu ya kupokea jumuiya ni baada ya Pasaka. Mama Mektilda, mwenyekiti, ameshaniuliza kwa upole kama ni kweli mzee hajiwezi. Baba amesikia, unajua masikio yake, akajibu kutoka ndani kwamba waje wamwone. Unakumbuka baba alivyomcheka Pankrasi aliposahau jina la mjukuu wake mbele ya watu. Sasa na Pankrasi atakuwepo.

Ikienda vibaya ni kwa masista au ni kwako. Chagua mapema, maana mimi naondoka.

Lukresia


Mbeya, 16 Machi 2024

Dada,

Barua yako imeninyima usingizi. Alhamisi niliingia kwenye kompyuta nikiwa huku na kukuta hatua iko tisa. Nadhani uliigusa kwa bahati mbaya ulipokuwa unafuta vumbi. Nimeirudisha tano. Nikampigia baba nikamwambia, "Ni mimi nimeingia, baba, nimekuwekea sawa." Akauliza, "Kwa hiyo unaweza kuisogeza ukiwa huko, wakati mimi nimeshika huku?" Nikamwambia ndiyo, naweza. Akasema haya, mwanangu, akakata.

Tafadhali mausi itumie tu pale anapokuwa amepotea kweli.

Na hilo la baba kuja kwangu, nimezungumza tena na Remmy. Haiwezekani, dada. Amesema waziwazi, na mimi siwezi kuvunja nyumba yangu. Kama hakuna njia nyingine, basi masista. Ila neno hilo lisitoke kwetu. Litoke kwake mwenyewe, kwa hiari yake, ili baadaye asiwepo wa kunyooshewa kidole.

Rosemary


Mfaranyaki, 12 Aprili 2024

Rosemary,

Neno limetoka kwake mwenyewe, kama ulivyotaka.

Watu wa jumuiya walikuja jioni ya Jumatano, wakajaa mpaka barazani. Tulisali, tukasoma Injili, nikagawa chai na mihogo. Baba alikuwa amevaa koti la harusi yake na mama. Mama Mektilda alisema hakuna haja ya jambo lolote, lakini Pankrasi akasema mzee aliahidi mwenyewe, na taarifa ya habari inakaribia, basi atusikilizishe. Baba akasema, "Sogezeni viti."

Akaanza kugotesha. Alifika. Msomaji alikuwa anataja jina lake, sauti safi kabisa, watu wakaanza kupiga makofi. Baba akainua mkono kwenye nobu apokee makofi, na stesheni ikaondoka. Akaurudisha mkono, akatafuta, akaipata. Akaondoa mkono, ikaondoka. Mara ya tatu hakuondoa mkono, aliishikilia nobu kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe, na bado iliondoka chini ya mkono wake. Mwanzoni watu walimwonea huruma. Baadaye Pankrasi akacheka, si kwa sauti, ila nyumbani kwetu hakuna kicheko kidogo. Baba aligeuza uso upande kilikotoka, akakosea upande, akawa anautazama ukuta.

Kisha akasimama na kusema wazi, "Nilitoa neno. Nipelekeni." Wanawake wengine walilia. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka karibu na mlango, kitenge mapajani, sikulia. Nilikumbuka sabuni yake ya kunyolea iko wapi na nani atakayemfungia viatu.

Kesho kutwa gari la parokia linampeleka.

Lukresia


Mbeya, 17 Aprili 2024

Lukresia,

Nilikuwa naangalia.

Jumatano ile jioni niliingia kwenye ile kompyuta bila kuwaambia, nilitaka kumwona baba akishinda. Nikaiona namba. Nobu ya baba huitembeza kwa tano tano, mwendo wake naujua. Nikaona inatulia kwenye taarifa ya habari, kisha inaruka kwa mia, kwa mkupuo, kwenye tarakimu moja tu, jinsi gurudumu la mausi linavyofanya. Inarudi kwa tano tano, baba huyo, anapapasa. Inaruka tena. Mikono miwili inagombania namba moja, na mmoja hauoni. Kitenge mapajani, umesema. Chini ya hicho kitenge kulikuwa na nini?

Nilikupa kitu cha kumwokolea baba yetu, ukakitumia kumvua nguo mbele ya majirani. Mtu aliyekuwa hana kingine duniani. Nitamwambia. Nimeshaanza kumwandikia.

Rosemary


Mfaranyaki, 22 Aprili 2024

Rosemary,

Ilikuwa mausi. Umejibiwa.

Sasa nami nikuulize. Ulikuwa unaangalia tangu mwanzo mpaka mwisho, unasema mwenyewe. Uliona mara ya kwanza, ukaona ya pili. Kufuli liko pembeni ya namba, wewe ndiye uliyenifundisha. Ungelibonyeza ukiwa huko Mbeya, baba angebaki na stesheni yake, watu wangepiga makofi, mimi ningebaki na mausi isiyofanya kitu mkononi kama mpumbavu. Ulikuwa na nafasi mara tatu. Kwa nini hukubonyeza?

Nitakujibia, kwa kuwa najua hutajibu. Ungelibonyeza, mwezi huu baba angekuwa ghorofa ya tatu. Ulikaa na chai yako ukaniacha nifanye, na nilipomaliza ukachukua kalamu uje ulie.

Mimi sijifichi kwako. Nilifanya, na mara ya tatu, alipokuwa ameishikilia kwa nguvu, nilifurahi. Miaka yote nimeamshwa na sauti ya redio yake, nimekula nikinyamazishwa kwa sababu ya redio yake, mama amekufa redio inaongea chumba cha pili na yeye anasema subiri, wanamalizia. Nilitaka hata mara moja atafute kitu akikose, kama mimi.

Mwandikie. Uone.

Lukresia


Kwa masista, njia ya Peramiho
19 Mei 2024

Kwako Rosemary,

Maneno haya ni yangu mimi baba yako, Hironimus. Mkono ni wa Sista Notburga, ambaye nimemwomba asipunguze wala asilainishe.

Nimezungusha redio tangu kabla mama yako hajanijua. Redio ikichoka, stesheni inateleza polepole. Kichwa cha mzee kikichoka, kinasahau ilipo. Hakuna redio wala kichwa kinachopotea kwa mkupuo, umbali uleule kila mara, na tena mara tu mkono unapoinuka. Hapo kuna mtu. Nilijua mbele ya jumuiya, ilipoondoka mara ya pili. Nilishikilia mara ya tatu ili nihakikishe, na nilihakikisha.

Na mtu huyo nilimjua, kwa sababu aliniambia mwenyewe kwa simu kwamba anaweza kuisogeza akiwa huko wakati nimeshika. Ningeweza kusema palepale. Ningesema nini? Kwamba mtoto niliyemsomesha kwa kumnyima mwenzake ananichezea kutoka Mbeya ili nisiende kwake? Lukresia aliniambia ulivyokataa. Nikaona afadhali wanicheke mimi kuliko wakutukane wewe. Nikakufunika. Hilo lilikuwa la mwisho.

Juma lililopita ilikuja barua yako. Sista alinisomea, Lukresia akiwa ameketi hapa na chupa ya uji. Umesema ni yeye. Lukresia, ambaye kompyuta anaifunika kwa kitambaa asiiguse. Umenitoa nyumbani, sasa unataka uniondolee na huyu aliyebaki.

Nimemwomba Lukresia radhi kwa yote, na kwa shule. Nimemruhusu aolewe. Nyumba ya Mfaranyaki ni yake na mumewe. Wewe usije huku, na nikifa usije kunizika.

Baba yako,
Hironimus


Mbeya, 26 Mei 2024

Dada Lukresia,

Nimepokea barua ya baba. Nimeisoma nikiwa nimesimama ofisini, na nilipotaka kukaa sikukiona kiti.

Nakubali yote. Nakubali niliangalia, nakubali sikubonyeza, na sababu ni hiyohiyo uliyoiandika. Niliona mara ya pili nikasema moyoni, acha iishe. Hilo ni langu na nitalijibu kwa Mungu. Lakini sikuisogeza mimi, dada. Sikuisogeza. Na alinifunika. Amekaa mbele ya watu wale akichekwa na Pankrasi, akidhani ananifunika mimi.

Nimempigia, masista wanasema hataki simu. Nikija ataambiwa ni mimi na atageukia ukutani. Hakuna mtu atakayemwamini ila wewe. Nenda kamwambie. Huna cha kupoteza, ruhusa umeshapata, nyumba umeshapata, siitaki, nitaandika na kutia sahihi popote. Mwambie tu ulikuwa wewe, au sema tulikuwa wote wawili, hata hivyo nitashukuru. Asife akinijua hivi.

Nakuomba kwa jina la mama.

Rosemary


Mfaranyaki, 15 Juni 2024

Rosemary,

Tulifunga ndoa Jumamosi, misa ya asubuhi, baridi kali. Baba aliletwa na masista kwa gari, akavaa koti lake lilelile, akanishika mkono mpaka altareni. Watu wa jumuiya walimsalimia shikamoo mmoja mmoja, na Pankrasi pia. Sherehe ilikuwa ndogo, pilau na wali, Aloyce alitengeneza mabenchi mwenyewe.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Sitasema haikunigusa. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilikwenda kwa baba nikiwa nimeazimia kumwambia. Nilichukua na mausi, nikaiweka mfukoni, nilitaka aishike ndipo nimweleze.

Nilimkuta ameketi juani. Alinisikia kwa hatua zangu, akaniita kabla sijafika. Hajawahi kuniita hivyo. Alisema, "Mwanangu amekuja." Nikageuka kutazama nyuma, nikadhani kuna mtu mwingine. Akashika mikono yangu yote miwili, akaipapasa viganja, zile sugu zote, akasema hii ndiyo mikono iliyomlea, na yeye alikuwa kipofu kabla hajawa kipofu. Nina miaka arobaini na tano, Rosemary, na hiyo ndiyo mara ya kwanza baba yangu kunishika mikono bila kutaka nimletee kitu.

Nikaiacha mausi mfukoni.

Kisha akakutaja mwenyewe, sikuanza mimi. Aliniuliza kama nina kinyongo na wewe kwa kunisingizia. Nikamwambia sina, baba, nilishamsamehe.

Dada yako,
Lukresia